Ombi Lisipojibiwa: Mwongozo wa Kuishika Imani Wakati Mungu Yuko Kimya

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Mkristo ambaye ameomba kwa muda mrefu, amefunga, ameombewa na wengine, amengoja, na bado jambo aliloliomba halijatokea, au limetokea kinyume kabisa na alivyoomba. Hapa Malindi maombi ya namna hiyo yanajulikana sura zake. Kuna kijana wa Kisumu Ndogo aliyesimamishwa kazi hotelini mwezi wa Aprili, wageni walipopungua, akaambiwa angeitwa msimu ukirudi, na misimu imerudi na kupita bila simu yake kulia. Kuna mke wa Muyeye anayeomba mtoto, na kila mwezi humletea jibu lile lile. Kuna mkulima wa Langobaya aliyepanda kwa mvua ya kwanza, ikawa ndiyo ya mwisho. Kuna wazazi ambao binti yao alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na sasa namba yake haipatikani.

Jambo moja ndilo linalobeba mwongozo wote: anayemlalamikia Mungu bado anasema na Mungu, na anayesema naye hajaiacha imani, hata akijiona ameshaiacha. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu ambao ningemshauri mtu aufuate. Hata hivyo, aliye katika msiba wa juzi afuate hatua ya kwanza tu, na hizo nyingine azirudie baada ya majuma kadhaa.

Hatua ya kwanza: Anza na mwili

Katika 1 Wafalme 19, Eliya anaketi chini ya mretemu jangwani, safari ya siku moja kutoka Beer-sheba, anamwomba Mungu amuue. Ombi hilo halikujibiwa. Alichopewa ni usingizi, kisha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha usingizi tena, kisha mkate kwa mara ya pili. Malaika hakumhubiria wala hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa akamwambia ainuke ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo kuhusu huduma yake, malalamiko yake na kazi iliyobaki yalikuja baadaye, katika mlima wa Horebu, akiwa amekwisha kula na kulala.

Basi kabla ya kuamua lolote kuhusu Mungu, jiulize umelala saa ngapi juma hili na umekula nini tangu jana. Mtu aliyekesha katika maombi usiku tatu mfululizo na kushindia chai ya rangi hana uwezo wa kupima kama Mungu amemwacha au hajamwacha. Kinachosema ni uchovu. Lala usiku kamili. Kula chakula cha kweli, hata ikiwa ni sima na mchicha tu, na ukile pamoja na watu. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria badala ya kukisia kwamba huzuni ndiyo inayokuuma viungo.

Pia fahamu kwamba huzuni inaweza kuwa ugonjwa. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, huna furaha na kitu chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, nguvu zimekwisha na unajiona huna thamani, hiyo ni hali ambayo madaktari wanaijua na wanaitibu. Kwenda hospitali kwa ajili hiyo si upungufu wa imani, kama vile kufunga bendeji kidonda kusivyo upungufu wa imani. Na mawazo ya kujiua yakikujia, usiyaweke mpaka ibada ya Jumapili. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, na msindikizane kwenda hospitali.

Hatua ya pili: Andika uliomba nini, na ni nani aliyekuahidi

Chukua daftari. Juu ya ukurasa andika ombi lako kwa sentensi moja, kwa maneno yale yale uliyomwambia Mungu. Usiandike "niliomba baraka" ikiwa ulichoomba ni kazi katika hoteli fulani, au mtoto, au mama apone saratani. Watu wengi hufika hapa wakagundua kwamba walichokasirikia ni vitu viwili au vitatu vilivyofungwa pamoja: kazi, na aibu ya kukosa kazi, na kaka aliyeacha kupokea simu. Vitenganishe, kwa maana kila kimoja kina maombi yake.

Chini ya ombi andika jibu la swali hili: ni nani aliyeniahidi kwamba jambo hili litatokea? Jibu kwa ukweli. Mara nyingi utakuta kwamba ahadi haikutoka katika Maandiko. Ilitoka kwa mhubiri wa mkutano wa hadhara aliyekunyoshea kidole akasema kwamba mwaka hautaisha kabla hujabeba mtoto mikononi, au kwa rafiki aliyeota ndoto, au kwa moyo wako mwenyewe ulipotulia baada ya kuomba. Kwa ahadi ya mhubiri, Biblia ina kipimo kikali kuliko tunavyopenda kukitumia. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema kwamba nabii akinena kwa jina la BWANA na jambo lisitimie, hilo silo neno la BWANA, "kwa kujikinai amelinena huyo nabii, usimwogope". Kwa hiyo mke wa Muyeye ambaye mwaka umeisha bila mtoto hana sababu ya kujiuliza amekosea wapi ili ahadi ya Mungu ishindwe. Mungu hakuahidi, aliahidi mtu aliyeshika kipaza sauti.

Hata ahadi zilizomo katika Maandiko zisomwe pamoja na majirani zake. Yeremia 29:11, aya ya mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho, imebandikwa katika sebule nyingi na nyuma ya tuktuk kadhaa hapa mjini. Aya iliyo kabla yake inataja miaka 70. Barua ile iliandikwa kwa watu waliohamishwa Babeli, na wengi wa watu wazima walioisikia ikisomwa walikufa huko huko, baada ya kuambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji wa adui zao. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ahadi ya haraka, wala haikuwa ya kila mmoja wao kurudi nyumbani.

Zoezi hili linauma, nalo linaondoa mzigo. Baada ya kulifanya utajua ni sehemu gani ya uchungu wako unayo haki ya kuipeleka kwa Mungu, na ni sehemu gani inawahusu watu waliosema asichosema.

Hatua ya tatu: Lalamika, na ulalamike mbele zake

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa makanisani, kwa sababu tumefundishwa kusema "nimebarikiwa" hata mdomo ukiwa umekauka. Zaburi hazikufundishwa hivyo. Katika Zaburi zote 150, zile za maombolezo na malalamiko ndizo kundi kubwa kuliko makundi mengine, nazo ziliimbwa katika ibada, mbele ya watu.

Zaburi ya 13 ni fupi, aya sita tu, na kwa hiyo inafaa kujifunzia. Aya mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nitafanya shauri nafsini mwangu, hata lini adui yangu atatukuka juu yangu. Aya mbili zinazofuata zinaomba kitu mahususi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mbili za mwisho zinageuka na kusema kwamba mwombaji amezitumainia fadhili za Mungu. Hakuna mahali panaposemwa kwamba tatizo limekwisha.

Andika zaburi yako kwa mpangilio huo. Kijana tuliyemtaja angeweza kuandika hivi:

"Ee Bwana, hata lini nitaamka saa kumi na moja alfajiri na sina pa kwenda? Hata lini nitapita mlango wa nyuma ili mwenye nyumba asinione? Ulisikia nilipokuomba katika mkesha wa mwaka mpya. Ulisikia, ukanyamaza. Niangalie sasa. Nipe kazi, hata ya kubeba mawe kwenye mjengo, nisije nikawachukia wenzangu waliobaki kazini. Bado ninakuita, kwa kuwa sina mwingine wa kumwita."

Hiyo inatosha. Haina lugha ya mimbari, na kila sentensi ndani yake ina kitu anachokijua mwenyewe: saa, mlango, mkesha. Ukiandika ya kwako, tafuta vitu vyako vya namna hiyo, kwa sababu malalamiko ya jumla huishia kuwa hotuba. Kisha isome kwa sauti. Ikiwa nyumba ina watu wengi na kuta ni nyembamba, nenda kanisani siku ya kazi mchana pakiwa patupu, au ufuoni asubuhi kabla wavuvi hawajaanza kugawana samaki.

Usijilazimishe kufika aya mbili za mwisho siku hiyo hiyo. Zaburi ya 88 haifiki kabisa; inamalizikia gizani, wenzake mwombaji wametengwa naye, na bado imewekwa katika Biblia bila mtu kuiongezea neno la faraja mwishoni. Nina hakika aliyeiacha hivyo alijua alichokuwa akifanya.

Wengine huogopa kwamba huku ni kukufuru, au wanakumbuka jinsi Waisraeli walivyoadhibiwa kwa kunung'unika. Tofauti iko katika anayeambiwa. Zaburi 106:25 inasema wale walinung'unika hemani mwao: walimsema Mungu wao kwa wao, kwa mgongo wake. Ayubu alimsema Mungu usoni kwa maneno makali kuliko yao, na mwishoni Mungu akawaambia rafiki zake kwamba wao hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Kipimo cha vitendo ni hiki: ikiwa umemlalamikia shemeji, jirani na kikundi cha WhatsApp, lakini hujamwambia Mungu neno, rudi nyuma uanze na Mungu.

Hatua ya nne: Yapime maelezo ya watu

Ombi lisipojibiwa, watu huleta sababu. Wengi wao wanakupenda. Rafiki za Ayubu nao walianza vizuri, waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na matatizo yakaanza walipofungua midomo.

Sababu ya kwanza utakayopewa ni dhambi. Usiikatae moja kwa moja, kwa kuwa Maandiko yanataja maombi yanayozuiliwa: Yakobo 4:3 linazungumza juu ya kuomba ili kutumia kwa tamaa, na 1 Petro 3:7 linamwonya mume anayemdharau mkewe. Tenga jioni moja. Jichunguze, tubu unachokiona, mrudishie mtu deni lake, patana na uliyekosana naye. Kwa Mkatoliki, nenda kwenye kitubio. Kisha funga jambo hilo. Usirudi kila juma kuchimbua dhambi ya utotoni kana kwamba Mungu ameficha sababu na wewe huna budi kuibahatisha. Yesu alipoulizwa kuhusu kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, alikataa yote mawili.

Sababu ya pili ni imani haba. Kwa hili mkumbuke Trofimo. Paulo, ambaye Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba hata leso zilizotoka mwilini mwake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Hakuna maelezo zaidi. Hasemi kwamba Trofimo alikosa imani wala kwamba yeye mwenyewe aliomba vibaya. Alikuwa na mwenzake mgonjwa, akamwacha mgonjwa, akaendelea na safari. Naye baba aliyemlilia Yesu katika Marko 9:24 kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake, hakuambiwa arudi siku imani yake itakapokamilika.

Sababu ya tatu tunaijua vizuri katika kaunti hii ya Kilifi: kwamba umerogwa, na kwamba aliyekuroga ni mzee fulani wa ukoo. Hapa nasema bila kuzunguka. Wazee wameuawa katika vijiji vyetu kwa shutuma za namna hii, na wengine wamekimbia mashamba yao. Maombi yoyote, hata yakiongozwa na mtu aliyevaa kola ya uchungaji, yakiishia kwa kutaja jina la babu au bibi kizee kuwa chanzo cha taabu yako, ondoka hapo. Huwezi kuishika imani ya Kristo kwa mkono mmoja na kumwashia mtu moto kwa mkono mwingine.

Methali nazo huja nyingi. Utaambiwa kwamba subira yavuta heri, kwamba Mungu si Athumani, kwamba wakati wa Mungu ndio bora. Yana ukweli wake na yana wakati wake, na si lazima ubishane nayo. Itikia "asante, niombee", uendelee na safari yako.

Mipaka mitatu isiyovukwa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haina mjadala.

Dawa haziachwi ili kuthibitisha imani. Anayetumia dawa za virusi vya ukimwi, kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au kifafa aendelee nazo akiwa anaombewa, na Mungu akimponya, daktari ataliona hilo katika vipimo.

Fedha hazinunui jibu. Ukiambiwa ombi lako limekwama kwa sababu "mbegu" uliyopanda ni ndogo, na ukapewa namba ya kutuma pesa, usitume. Sadaka ni shukrani na ni msaada kwa maskini. Ikigeuka malipo ya muujiza imekuwa biashara.

Kufunga kuna kiasi. Hatuna haja ya mifano ya mbali, kwa kuwa katika msitu wa Shakahola, ndani ya eneo letu la Malindi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufundishwa kwamba kufunga mpaka kufa kungewafikisha kwa Yesu. Yeyote anayefunga awe na siku ya kumaliza iliyowekwa kabla ya kuanza, anywe maji, na awepo mtu wa nyumbani anayejua. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa na mtoto wasifunge. Na mtu akikukataza kuwasimulia ndugu zako mnachofanya huko mnakoomba, hiyo ni dalili tosha.

Hatua ya tano: Omba kwa maneno ya kuazima

Itafika siku ambapo huna neno. Siku hiyo usijaribu kutunga. Kanisa lina akiba ya maneno ambayo yaliombwa na watu waliokuwa katika hali kama yako, na kuyatumia si unafiki. Sali Baba Yetu polepole, na ukifika pale penye mapenzi yako yatimizwe pakikushinda, simama hapo, mwambie Mungu kwamba pamekushinda, uendelee. Mkatoliki ana Rozari na masifu; Mwanglikana ana kitabu cha sala; wengine wana tenzi ambazo wamezijua tangu shule ya Jumapili. Soma zaburi moja asubuhi na moja usiku kwa mfuatano, bila kuchagua zinazofanana na hali yako.

Weka muda mfupi, na uwe wakati ule ule kila siku. Dakika kumi zinazotimizwa zina faida kuliko saa nzima inayokufanya uikwepe. Warumi 8:26 linasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Basi hata ukikaa kimya dakika hizo kumi ukivuta pumzi tu, hujakosa.

Hatua ya sita: Amua kama utaendelea kuomba jambo hilo au la

Swali hili huulizwa mara nyingi kuliko yote, na Biblia haitoi jibu moja. Inatoa angalau matatu, na hekima ni kujua uko wapi.

Mjane wa Luka 18 hakuacha. Alimwendea kadhi dhalimu mpaka akamchosha, na Yesu alitoa mfano huo ili watu waombe sikuzote wala wasikate tamaa. Wazazi wa binti aliyeko Uarabuni wako hapa. Jambo lao bado liko wazi na ni la haki, kwa hiyo waendelee kuomba, na waendelee pia kubisha milango ya duniani kama yule mjane: ofisi ya mambo ya nje, wakala aliyempeleka, chifu. Kuomba kwa namna hii huenda pamoja na kufuatilia.

Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini, kisha akaambiwa kwamba neema yamtosha, naye akachagua kujisifia udhaifu wake, ili uweza wa Kristo ukae juu yake. Mtu mwenye maradhi ya kudumu, au aliyebaki bila ndoa umri ukisonga, anaweza kufika hapa. Dalili yake ni kwamba ombi la zamani likitajwa humfunga badala ya kumfungua. Kuliweka chini si kukana imani. Waweza kusema, "Bwana, hili sitaliomba tena kwa sasa, unalijua, nipe ya kutosha leo." Na ukitaka kulirudia baada ya mwaka, lirudie, hakuna aliyekukataza.

Daudi yuko katika hali ya tatu. Mtoto alipougua alifunga na kulala chini, na siku ya saba mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu, kisha akaomba chakula. Watumishi wake hawakuelewa. Kifo kikishatokea, ombi limefungwa, na kinachobaki ni maombolezo, ambayo ni kazi nyingine na haina muda maalumu. Namwonea huruma sana mzazi ambaye mwili umo ndani ya jeneza na bado kuna watu wanaomhimiza aendelee kuuombea ufufuke asubuhi hiyo. Mruhusuni azike.

Wale ambao hawakuona

Karibu na bahari, katika mtaa wa zamani wa Malindi, kuna kikanisa kidogo cha Wareno chenye makaburi uani, ambacho watalii hukipiga picha na wenyeji hukipita. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alitia nanga Malindi akielekea India, na hapa mjini akazika mtu aliyefia chomboni. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Desemba 1552, Xavier mwenyewe alikufa kwa homa katika kisiwa cha Shangchuan, akingoja chombo cha kumvusha kwenda China bara, nchi aliyoitamani na kuiombea. Hakuingia.

Kusini kwetu, Rabai, mmisionari Johannes Rebmann aliungana na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf mwaka 1846. Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwezi wa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuanza kazi Mombasa. Rebmann alikaa miaka 29. Waongofu walikuwa wa kuhesabika, mkewe alifariki, macho yakaharibika, na mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiwa karibu kuwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Tunaweza kusema leo kwamba Kanisa la pwani lilikua, lakini jambo hilo lisitumike kuyafuta machungu yake, kwa sababu yeye hakuliona. Waebrania 11:39 linasema wazi kwamba watu wa imani walishuhudiwa na bado hawakuipokea ahadi. Ukisoma sura hiyo, usiishie pale simba wanapofungwa vinywa. Soma mpaka kwa waliokatwa kwa misumeno, kwa kuwa wote wameorodheshwa kwa imani ile ile.

Hatua ya saba: Tafuta mtu mmoja, na umwambie unachotaka

Wakati wa ushuhuda kanisani ni mgumu kwa anayengoja. Mwenzako amepata kazi, mwingine amepona, na wewe unapiga makofi. Una ruhusa ya kupiga makofi huku moyo unauma, na una ruhusa pia ya kukaa viti vya nyuma kwa muda. Lakini usiache kabisa kukusanyika, kwa sababu kuna Jumapili ambazo imani yako itabebwa na sauti za wengine, nawe utakuwa umekaa tu.

Chagua mtu mmoja ambaye hatafuti la kusema. Anaweza kuwa mzee wa kanisa, mama wa jumuiya ndogo ndogo, katekista au rafiki wa zamani. Mweleze mapema unachohitaji, kwa maana watu wengi hukosea kwa kutojua. Sema kwa mfano: "Mama, sikuja kuombewa leo, wala sitaki ushauri. Nataka unisikilize, kisha tusali Baba Yetu, basi." Kwa mchungaji au padre waweza kusema: "Mchungaji, nimefika mahali ambapo sijui kama naamini. Sitaki jambo hili lifike kwenye mahubiri." Kiongozi mwema atalitunza. Asiyelitunza amekuonyesha kwamba utafute mwingine.

Katika mji huu jirani wa Kiislamu mara nyingi ndiye anayekuja kwanza na sufuria ya wali msibani, akaketi, akasema pole, akanyamaza. Mpokee. Hujatoka katika imani yako kwa kufarijiwa naye.

Hatua ya nane: Jiandae kwa tarehe ngumu

Baada ya miezi kadhaa maisha hurudi katika mwendo wake, na ndipo tarehe fulani hukuangusha bila taarifa: siku mtoto angetimiza mwaka, siku barua ya kuachishwa kazi ilipotoka, kumbukumbu ya mazishi. Ziandike tarehe hizo katika lile daftari. Juma moja kabla, amua utafanya nini asubuhi, mchana na jioni. Mkatoliki anaweza kuomba Misa itolewe kwa nia hiyo. Mwingine anaweza kusoma zaburi yake aliyoiandika, na kuongeza mistari mipya chini ya ile ya zamani bila kufuta kitu. Usijipangie kazi nzito siku hiyo, wala usijifungie peke yako kutwa nzima. Mtajie yule mtu wako mmoja tarehe hiyo mapema, ili ajue kwamba mnakula pamoja jioni, na kwamba yeye ndiye atakayepika.